Mdogo wangu aliugua ubongo kwa virusi, akapona. Mirungi ile ile aliyoizoea ikamvuruga siku tatu

DadaWaMtoni (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na kila nikilisimulia nusu nusu watu wananielewa nusu.

Nina mdogo wangu wa kiume, nitamwita Dulla, si jina lake. Ni utingo wa lori la mizigo, Dar mpaka Tunduma. Machi 2022 aliugua. Ilianza homa, tukasema malaria. Kipimo cha kidole kikasoma hana. Siku ya nne akaanza kuongea yasiyoeleweka, anamwita mama kwa jina la shangazi yetu aliyefariki, na alfajiri akapata degedege, mtu mzima wa miaka 26. Mtaani wakasema malaria imepanda kichwani. Hospitali walimtoa maji ya mgongo, wakasema ni virusi vimeingia kwenye ubongo. Akawekewa dripu ya asaikloviri, dawa ya kupambana na virusi, kila baada ya saa nane, siku kumi na nne. Alitoka anatembea mwenyewe, amekonda, anasahau alipoweka viatu, lakini ni Dulla yule yule. Tukachinja mbuzi.

Sasa, kabla hajaugua alikuwa anatafuna mirungi. Sifichi. Waliokaa na watu wa malori wanajua: safari ya usiku, kazi ya utingo ni kumwongelesha dereva asisinzie. Sheria yetu imekataza, Kenya ni zao halali, na barabarani haikosekani. Alikuwa anamaliza kifungu kizima toka jioni, usiku kucha stori, kesho yake mchana analala kama gunia, basi. Miaka minne hivyo. Sijawahi kumwona amevurugikiwa.

Mwezi wa nane akarudi kazini. Safari ya pili akatafuna. Dereva wake, ambaye namwamini, aliniambia ilikuwa nusu kifungu na kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu. Akaletwa nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

Alikaa chini sebuleni. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye nati na boliti, vitu vyake vya kazi. Akatandika kanga ya mama, akamwaga nati, akaanza kuzipanga kutoka ndogo kwenda kubwa, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Akimaliza anazikusanya kwa viganja, anazirudisha kwenye kopo, anazimwaga, anaanza upya. Nilihesabu mara kumi na tisa nikaacha kuhesabu. Taya lilikuwa linatafuna na mdomoni hamna kitu. Nilimwambia fungua, akafungua, hamna hata jani, ila ulimi una kidonda pembeni kwa kujing'ata. Ukimwita anaitika "naam dada". Anajua jina lake, anajua ni Jumatano. Mikono tu ndiyo haikomi. Nilipoishika aliniambia kwa upole kabisa, "Dada niachie kidogo, nakaribia kumaliza."

Siku tatu wakuu. Usingizi wote kwa jumla haukufika saa mbili. Usiku wa tatu degedege likarudi.

Tulimpeleka hospitali nyingine iliyokuwa karibu, siitaji. Kijana macho yamemtoka, mikono inapanga hewa, ana historia ya mirungi: wakasema amepagawa na mirungi, wakamchoma haloperido, dawa ya kutuliza waliochanganyikiwa, inayozuia dopamini, kemikali ya ubongo nitakayoieleza. Baada ya saa chache shingo ikapinda kuelekea bega la kushoto, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje. Mama alipiga yowe wodi nzima ikanyamaza. Nesi mmoja wa zamu, Mungu ambariki, ndiye aliyeinama akauliza, "Huyu amewahi kuugua ubongo?" Hakuna aliyeuliza kabla yake. Na mimi ninayefanya kazi famasi, kwa kuchanganyikiwa kule, sikuwa nimesema. Wakampa benzeksoli, dawa ya kuondoa mkakamao huo, shingo ikarudi taratibu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Ubongo uliopitiwa na virusi unaweza kubadilika namna unavyopokea vichangamshi. Kipimo cha zamani si kipimo tena. Siku tuliporuhusiwa mara ya kwanza tulipewa dawa za degedege na tarehe ya kliniki. Mirungi, kopo la nguvu, dawa ya mafua, hakuna aliyevitaja. Kesho nitaweka niliyoyasoma. Mwenye kisa kama hiki aje.

UsukaniWaUsiku

Pole sana dada, na pole kwa mama. Mimi ni dereva, miaka kumi na moja barabarani. Sasa naomba kueleweshwa: wengi wetu tumeumwa malaria kali hadi kuzirai, na mirungi tunatafuna, hatujapanga nati. Tofauti iko wapi? Siulizi kwa ubishi, nauliza kwa sababu nami nililazwa wiki mbili mwaka 2019 kwa dengi.

Babu_wa_Ikwiriri

Binti yangu, nimesoma yote. Mtu anayepanga kitu kile kile usiku kucha, ukimshika anakujibu kwa upole, huyo si peke yake. Mjomba wetu alikuwa hivyo, anasuka ukili na kuufumua mpaka asubuhi. Akapungwa, akatulia. Sisemi msiende hospitali. Nasema msiache upande mmoja.

DadaWaMtoni

Shikamoo babu. Nimekusikia, na hata mama alisema maneno hayo hayo, ubani ulifukizwa nyumbani kwetu na sikuuzuia. Lakini nikuombe usome hili la panya, kwa sababu ndilo lililonifanya nilie peke yangu stoo ya famasi.

Kuna kirusi kinaitwa Borna. Jina limetokana na mji wa Borna, jimbo la Saksonia, Ujerumani, ambako miaka ya 1890 farasi wa jeshi walikufa kwa ugonjwa wa ubongo. Huishi ndani ya aina fulani ya kirukanjia huko Ulaya ya kati. Mwaka 2018 ilithibitishwa Ujerumani kwamba kinaua binadamu pia, wakiwemo watu waliopandikizwa viungo kutoka kwa mtu mmoja aliyekuwa nacho. Sikitaji ili mtu aogope kirukanjia wa Mbagala. Nakitaja kwa sababu ndicho kilichotumika kuchunguza swali letu.

Miaka ya 1990 kule California, Marylou Solbrig na wenzake, George Koob na Ian Lipkin, waliwaambukiza panya kirusi hicho kisha wakawapa amfetamini, na baadaye kokeini, vichangamshi vikali vyote viwili, wakawalinganisha na panya wazima waliopewa vitu hivyo hivyo. Walioambukizwa walihangaika zaidi, na wakaingia zaidi kwenye vitendo vya kurudiarudia. Panya aliyelemewa na amfetamini hunusa sehemu moja, hulamba, hutafuna bila chakula. Babu, panya hana jini wala hana mjomba aliyekosewa. Nilivyosoma "hutafuna bila chakula" niliona taya la mdogo wangu.

UsukaniWaUsiku, sasa nakujibu wewe. Ndani kabisa ya ubongo kuna eneo linaitwa striatamu, linaloamua mwendo uanze, uendelee au ukome. Linaongozwa na kemikali iitwayo dopamini. Seli ikitema dopamini, kuna pampu inayoifyonza irudi ndani, ndipo ujumbe unakoma. Kokeini huziba pampu hiyo. Amfetamini huigeuza, badala ya kufyonza ikawa inatapika. Kathinoni ya kwenye mirungi ni ndugu wa amfetamini, kazi yake ni ile ile ingawa nguvu ni ndogo. Kafeini ya kwenye kopo inapita mlango mwingine: inazuia adenosini, ambayo kawaida ni breki ya dopamini.

Kwa wale panya, mfumo huo wa dopamini ulikutwa umeharibika, zikiwemo zile pampu. Na kilichonishangaza, kwa panya mkubwa kirusi cha Borna chenyewe hakivunji sana seli. Uharibifu mwingi unaletwa na askari wa mwili wanaokuja kukifukuza. Moto unazimwa, paa linabomolewa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa hana kirusi tena na bado akawa na ubongo mwingine. Malaria kali na dengi si kila mara zinaingia kwenye ubongo wenyewe. Kuzirai kwa homa ni kitu kingine na kuvimba kwa ubongo ni kitu kingine. Ulipolazwa, je, ulipata degedege au kuchanganyikiwa siku kadhaa? Kama hapana, hali yako si ya Dulla.

UsukaniWaUsiku

Sikupata. Kichwa na viungo tu, kama nimepigwa nyundo. Ahsante dada, endelea.

Zamu_ya_Usiku

Nimefuatilia tangu jana. Mimi ni daktari, si bingwa wa neva, nafanya kazi wodi ya magonjwa ya ndani hapa hapa Dar. Dada ameandika vizuri, lakini naomba nipinge sehemu, maana watu watasoma uzi huu na kuuchukulia kama hukumu.

Kwanza, Dulla alikaa miezi kadhaa bila kutafuna. Mwili uliozoea kichangamshi ukikiacha, uzoefu unapotea. Kile alichokuwa anakibeba Februari angeweza kushindwa kukibeba Agosti hata kama hakuugua kitu. Pili, mirungi si kidonge. Kathinoni huharibika haraka jani likikauka, ndiyo maana huvikwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni. Nusu kifungu kibichi kinaweza kuzidi kifungu kizima kilicholala siku mbili. Tatu, kukosa usingizi peke yake kunatosha kuamsha degedege kwa mtu mwenye kovu kwenye ubongo. Nne, kupinda shingo baada ya haloperido tunakuona sana kwa vijana wa kiume ambao ubongo wao haujawahi kuguswa. Na tano, ikiwa kirusi chake kilikuwa hepesi, ambayo ndiyo asaikloviri inailenga, hicho hupenda zaidi pembeni, maeneo ya kumbukumbu, si striatamu.

Kwa hiyo kisa kimoja hakithibitishi. Lakini jambo lenyewe lipo, na kwa binadamu lina ushahidi mzuri zaidi kwenye virusi vingine. Kirusi cha Nile Magharibi, kilichogunduliwa Uganda mwaka 1937, na kile cha ensefalaitisi (kuvimba kwa ubongo) ya Japani, hivi viwili vinajulikana kushuka kwenye viini vya ndani na kuacha watu wakitetemeka na kukakamaa kama wazee wenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Na VVU, ambacho hapa kwetu ndicho kinachotuhusu kuliko vyote. VVU hakiingii kwenye seli za neva zenyewe, kinakaa kwenye mikroglia, walinzi wa ubongo, na striatamu ni moja ya sehemu kinapojaa zaidi. Protini yake moja, Tat, imeonekana maabara ikiikaba ile ile pampu ya dopamini aliyoieleza dada, ile inayozibwa na kokeini. Mtu akiweka kokeini au amfetamini juu yake, wawili wanakaba shingo moja.

Upande wa pili ni kweli vile vile: tangu zamani, kabla ya ARV nzuri, madaktari waliona wagonjwa wa UKIMWI wanakakamaa kwa vipimo vidogo vya haloperido. Hilo la nesi kuuliza ni sahihi kabisa, na lilipaswa kuulizwa kabla ya sindano.

DadaWaMtoni

Dokta, ahsante. La kupoteza uzoefu sikulifikiria, na nalikubali. Lilishika nafasi yake, siwezi kusema kiasi gani. Hata la ubichi wa mirungi, maana dereva aliniambia walinunua asubuhi ile ile.

Ila naomba nishikilie moja. Kama yote hayo matano ni kweli, mgonjwa anayeruhusiwa baada ya kuugua ubongo anakutana nayo yote kwa pamoja: uzoefu umepotea, kovu lipo, striatamu huenda imeguswa, na yeye anadhani ni yule wa Februari. Basi hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuambiwa siku ya kutoka wodini.

Zamu_ya_Usiku

Hapo hatupingani. Na nitakiri, karatasi ninazoandika mimi za kuruhusu mgonjwa hazina mstari huo. Wiki hii nitauweka.

NikoSobaSasa

Naandika kwa mara ya kwanza humu. Mimi ni mtu wa methadoni, dawa ya kuachia unga, nimeanza Muhimbili, sasa nachukulia kliniki ya karibu na kwetu. Watu wanajua unga, hawajui kwamba kuna wakati tulikuwa tunachanganya na kokeini ikipatikana.

Nataka kumuunga mkono dada kwa niliyoyaona. Nilianza kokeini nikiwa mzima. Ilikuwa inanichangamsha, naongea, inaisha. Kuna mwaka ikaanza kunigeuka. Kiasi kidogo tu, natazama mlango saa sita nzima, nasikia hatua kwenye bati. Nilikuwa nachuna ngozi ya mkono, sehemu hiyo hiyo, alama ninayo mpaka leo. Wenzangu wa maskani wakasema stimu imenikataa. Sikujua kwamba wakati huo nilikuwa na VVU na kinga imeshuka vibaya mno. Nilipimwa baadaye nilipoenda kuomba methadoni, ndipo nikaanza ARV. Hakuna aliyewahi kuniunganishia mambo haya mawili mpaka nimesoma hapa leo.

Swali langu kwa dokta: dawa za ARV zenyewe zinaingiliana na hivi vitu? Si kwa ajili yangu, mimi nimeshatoka. Nina mdogo wangu wa maskani bado yupo kule, na nimemshika mkono.

Zamu_ya_Usiku

Kaka, heshima kwako. Umeandika kitu ambacho vitabu vinakisema kwa shida.

Jibu: zipo zinazoingiliana, lakini huko ni kwenye ini. Dawa iitwayo ritonaviri, ambayo ipo ndani ya baadhi ya ARV za mstari wa pili (anazopewa mtu zile za kwanza zikishindwa), hupunguza kasi ya ini kuvunja dawa nyingine. Mwaka 1998 jarida la Lancet liliandika kifo cha mtu nchini Uingereza aliyekuwa anatumia ritonaviri akameza ekstasi, ambayo ni jamii ya amfetamini. Ikajaa kwenye damu mara nyingi kuliko alivyotarajia. Vidonge vya mstari wa kwanza vinavyotolewa kwa wengi sasa, vyenye dolutegraviri, havina ritonaviri.

Kwa hiyo mtu anaweza kuzidiwa kwa njia mbili: ubongo unapokea kupita kiasi, au ini linatoa taratibu. Huyo mdogo wako asiache ARV kwa ajili ya kusoma hivi. Aseme ukweli wote kliniki, na wewe umsindikize, maana wewe wanakusikiliza.

NikoSobaSasa

Nitampeleka Jumatatu. Yeye anatumia mstari wa pili. Ahsante dokta.

MamaWatatuTabata

Dada, na mimi nina langu. Mwanangu wa pili aliugua surua akiwa na miaka mitatu, ikaingia kwenye ubongo, akalazwa. Alipona, sasa ana miaka minane. Hatulii. Darasani anazunguka, anasukuma wenzake, mwalimu ananiita kila wiki. Ndugu yangu anayeishi nje kaniambia huko wangempa dawa ya kumtuliza, na nilipouliza ni dawa gani, akasema ni jamii ya amfetamini! Sasa nasoma hapa nimechanganyikiwa. Si ndiyo hiyo hiyo inayovuruga?

DadaWaMtoni

Mama, pole, na hongera kwa kumlea. Swali lako ndilo lenye historia ndefu kuliko yote humu.

Mwaka 1917 daktari wa Vienna, Constantin von Economo, alieleza ugonjwa wa ubongo uliokuja kuzunguka dunia kwa takriban miaka kumi. Waliita ugonjwa wa usingizi, msichanganye na malale ya mbung'o, ni vitu viwili. Chanzo chake hakijathibitishwa mpaka leo, wengi wanashuku kirusi. Watu wazima waliopona baadaye wengi walikakamaa. Watoto waliopona wengi waligeuka tabia: hawatulii, hawalali usiku, wanapiga, wanaiba, na wazazi wanaapa kwamba kabla hawakuwa hivyo.

Huko Rhode Island, Marekani, familia moja tajiri ya Bradley ilikuwa na binti, Emma, aliyeharibikiwa na ubongo baada ya ensefalaitisi akiwa mdogo. Mali yao ikajenga hospitali ya watoto wenye matatizo kama yake, ikafunguliwa mwaka 1931. Ndani ya hospitali hiyo, mwaka 1937, daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 amfetamini iliyoitwa Benzedrine. 14 kati yao walibadilika darasani kwa namna ya kushangaza, wanataka kusoma, wanamaliza kazi. Na wengine wakatulia badala ya kuruka. Kwa hiyo mama, hospitali iliyojengwa kwa sababu ya mtoto aliyeugua ubongo ndiyo ilikogunduliwa kwamba kichangamshi kinaweza kumtuliza mtoto.

Vitu hivi havipingani. Sehemu inayoguswa ni ile ile, na kinachoamua ni kiasi, ubongo wa nani, na nani amesimama pembeni anaangalia. Mfano mwingine: wale watu wazima waliokakamaa, mwaka 1969 kule New York daktari Oliver Sacks aliwapa levodopa, malighafi ya dopamini. Watu waliokaa miongo wameganda waliamka, wakaongea, wakaimba. Baada ya wiki au miezi wengi wao wakaanza kuzidiwa: mikono inacheza, vitendo vya kurudiarudia, fadhaa. Wengine kwa kiasi kidogo sana.

Mimi huielewa hivi. Mtaani kwetu maji ya mgao yakikatika siku nyingi, kila mtu anaacha bomba wazi na kutega ndoo, beseni, hata sufuria, ili tone likija lisipotee. Yakirudi ghafla saa nane usiku, nyumba inafurika. Maji ni yale yale ya siku zote. Bomba ndizo zilizokuwa wazi. Ubongo uliokosa dopamini muda mrefu nao unafungua vipokezi vyake vyote.

Kwa mwanao usimnunulie chochote dukani. Mpeleke kliniki ya watoto yenye daktari wa neva au wa afya ya akili, na neno la kwanza utakalosema, kabla ya "hatulii", liwe "aliugua ubongo". Degedege alipata?

MamaWatatuTabata

Alipata mara mbili akiwa wodini, baada ya hapo hapana. Nimeandika kwenye daftari lake la kliniki sasa hivi, ukurasa wa mbele.

Babu_wa_Ikwiriri

Binti, lile la panya nimelirudia mara mbili. Mjomba wetu kabla ya kuanza kusuka na kufumua alikuwa ameumwa homa kali iliyomlaza mwezi mzima, hajitambui. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka tulikatazwa kupita mlangoni kwake. Na alikuwa mtu wa kahawa, asubuhi mpaka jioni, vikombe havihesabiki. Jambo hili sikuwahi kuliweka pamoja.

DadaWaMtoni

Babu, umenigusa. Kahawa peke yake mara nyingi haimfikishi mtu pale, lakini homa ya mwezi mzima bila kujitambua, hiyo ingeweza kuacha mlango wazi. Mwenyezi Mungu amrehemu.

UsukaniWaUsiku

Dada, wewe ni mtu wa famasi. Tuambie waziwazi, mtu kama Dulla aepuke nini? Kule barabarani mbali na mirungi kuna tramado, ile dawa ya maumivu, na makopo ndiyo chakula.

DadaWaMtoni

Mirungi, iondoke kabisa. Tramado si kichangamshi lakini inashusha kizingiti cha degedege, kwa mwenye kovu ni hatari kubwa, na vijana wa bodaboda wanaimeza kama pipi. Makopo ya nguvu: kopo dogo la mililita 250 mara nyingi lina kafeini miligramu 80 hivi, karibu na kikombe cha kahawa, lakini hakuna anayekunywa moja. Dulla tulimzuia yote kwa mwaka, sasa anakunywa chai tu.

Wanachosahau wengi ni dawa za mafua. Baadhi zina pseudoefedrini, ya kuzibua pua, na hiyo ni ukoo wa amfetamini. Mtu anakuja dirishani kwangu anasema "nipe ya mafua kali", sisi tunatoa. Siku hizi nauliza kwanza. Naweza kuuliza watu hamsini nikapata mmoja, lakini nauliza.

Na upande wa kushusha: metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika ambayo kila duka inayo. Inazuia dopamini, inaweza kupinda shingo kama haloperido. Mwambieni daktari au muuza dawa kabla. Dokta anirekebishe nikikosea.

Zamu_ya_Usiku

Hujakosea. Niongeze tu, mtu asiache dawa zake za degedege eti kwa sababu amekaa vizuri miezi sita. Huko ndiko wengi wanakorudi kwetu.

DadaWaMtoni (mrejesho)

Wakuu, wengi mmeuliza inbox hali ya Dulla. Hakurudi kwenye malori. Yuko gereji ya Keko anafungua injini, analala saa nne usiku, mama ndiye mlinzi. Degedege mara ya mwisho ilikuwa ile ya usiku wa tatu.

Nilimwandikia kadi, nikaipiga lamini steshenari, anaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Imeandikwa: "Niliugua maambukizi ya virusi kwenye ubongo, Machi 2022. Nina dawa za degedege. Nilipata kupinda shingo kwa haloperido. Usinipe dawa ya kuchangamsha wala ya kutuliza kabla ya kumpigia dada yangu," na namba yangu chini yake.

Wiki iliyopita alikatwa na bati kidole, akaenda zahanati peke yake kushonwa. Aliniambia kabla hajakaa kitini aliitoa kadi akaiweka mezani. Mganga akaisoma mpaka mwisho, akanipigia.